Chupa Mbili za Foili

Asubuhi ya siku ya pili Maradufu aliomba chai, na mama yake akainua mikono juu akashukuru mbele ya wodi nzima.

"Kaomba chai! Mmesikia jamani? Mwanangu kaomba chai!"

Akawaambia wagonjwa wa vitanda vya jirani, akamwambia muuguzi, akamwambia hata mfagiaji aliyekuwa anapita na ndoo yake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa sababu mama huyo alishanikataza nisisogee kitandani. Niliposikia hiyo habari ya chai nikashika fremu ya mlango. Watu wote mle ndani walikuwa na furaha isipokuwa wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni yeye mwenyewe aliyeomba hiyo chai.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kulialia. Kazini wananiita Pamba, na asiyenijua anaweza kudhani ni kwa ajili ya upole. Wapi! Mdomo wangu hauna breki, muulize yeyote. Jina limetokana na kazi. Kitalu chetu kinazalisha maua ya bustani, yale ya kupandwa mbele ya nyumba na kando ya njia, na mimi miaka tisa nimekaa kwenye meza moja nikiweka kijipamba kwenye kichwa cha kila mche, katikati ya vijani viwili vya kwanza, kisha nakidondoshea dawa. Dawa yenyewe ni kolchisini. Seli ya mche ikitaka kugawanyika, kwanza huwa inazidisha kromosomu zake mara mbili, ili kila upande upate sehemu yake. Dawa inaizuia hapohapo isigawanyike. Kromosomu zote zinabaki ndani ya seli moja, na mche unaanza maisha mapya ukiwa na mzigo maradufu. Mingi hufa. Ile inayopona inatoa majani manene na maua makubwa ambayo watu husimama kuyatazama.

Na yeye alikuwa mtaalamu wetu wa mbegu. Neno "maradufu" halikumtoka mdomoni kuanzia asubuhi hadi jioni, mpaka wafanyakazi wakampa liwe jina, naye akalipenda. Siku ya kwanza aliponisogelea hasa, alikuwa na ua lake la rangi ya waridi, alilolipata kwa kuchanganya ua jekundu lisilo na harufu na jeupe lenye harufu. Lilikuwa zuri, lakini lilikuwa tasa, halikutoa hata mbegu moja.

"Unajua kwa nini halizai?" aliniuliza, ameinama juu ya meza yangu.

"Nitajuaje, na wewe ndiye uliyesoma?"

"Kromosomu za baba na za mama hazifanani. Kila moja inatafuta mwenzake wa kushikana naye, haimpati. Ukizizidisha mara mbili, kila moja inapata wa kwake." Akanitazama, na macho hakuyaondoa. "Hata wewe Pamba, naona umekaa muda mrefu bila wa kwako."

"Hebu toka hapa! Unanidondoshea jasho kwenye miche."

Alitoka akicheka. Mimi nikabaki nadondoshea dawa mche uleule mara tatu, mtu mzima mimi, niliyeachika na kuapa sitaki tena mwanaume.

Mama yake aliposikia alikuja mwenyewe hadi kitaluni kunipandisha na kunishusha kwa macho. "Wewe ndiye Pamba? Umemzidi mwanangu miaka mitano. Yeye ana digrii mbili, wewe unabandika pamba kwenye miche. Mnataka kuongea nini mkikaa sebuleni?" Nikamjibu kwamba tutaongea habari za pamba. Loo! Kuanzia siku hiyo hakutaka hata kulisikia jina langu. Mara tatu ndani ya mwaka mmoja mwanawe alimwomba ridhaa, na mara zote tatu alikataa. Na Maradufu, pamoja na digrii zake zote mbili, alikuwa mtu asiyeweza kuoa mama yake akiwa amenuna.

Sasa nije kwenye chupa.

Dawa ile haipendi mwanga. Ukiiacha kwenye mwanga inaharibika, kwa hiyo tunaitia kwenye chupa na kuizungushia foili kuanzia shingoni hadi chini. Na ndani ya banda la plastiki jua likipanda, maji ya kunywa yanapata moto mpaka yanachefua. Maradufu alikuwa anayanywa hivyohivyo bila kulalamika. Mimi nikamwonea huruma. Nikachukua chupa yake ya maji nikaizungushia foili ileile, taratibu, nikaikunja vizuri shingoni. Aliipenda kweli. Akawaonyesha wenzake: "Oneni, mimi nafungiwa maji kama dawa ya thamani!" Ile ya dawa niliitofautisha kwa ukanda mwekundu wa selotepu. Unyevu wa bandani ukaibandua selotepu, ikaanguka chini ya meza, sikuiona. Kosa la namna hii mpishi hawezi kulifanya, wala fundi nguo. Ni letu sisi. Sheria ilikuwa inasema hakuna kunywa wala kula penye meza ya dawa, imebandikwa ukutani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaifuata saa saba mchana.

Siku hiyo alichukua ile ya dawa, akanywa mafunda matatu makubwa ndipo ulimi ukamwambia.

"Pamba," akasema, "maji yako leo machungu." Alikuwa bado anatabasamu. Kisha akaitazama chupa, akanitazama mimi, na tabasamu likamwisha.

Tulifika hospitali na chupa zote mbili mkononi. Walimsafisha tumbo, wakamtundikia dripu. Usiku kucha alitapika na kuharisha, na mama yake akanifukuza wodini kwa kuwa nilikuwa "nawachanganya waganga". Kulipokucha kutapika kukakoma, rangi ikamrudi usoni, na ndiyo akaomba hiyo chai.

Mama alipotoka kwenda kuifuata, nikaingia mbiombio nikasimama kando ya kitanda.

"Usinitazame hivyo," akaniambia.

"Nakutazama vipi?"

"Unavyotazama miche siku ya pili."

Sote wawili tulijua. Siku ya pili mche bado ni wa kijani, umesimama, ukimwonyesha mgeni atasema mzima. Sisi ndio tunaojua kwamba ndani hakuna kinachogawanyika tena. Na mtu naye anaishi kwa kugawanyika seli, za damu, za utumbo, za kila mahali, saa zote bila kupumzika. Dawa hii haina ya kuipinga. Hayo alinifundisha yeye mwenyewe, mwaka wa kwanza, ili nisisahau kuvaa glavu.

"Labda ulikunywa kidogo," nikasema.

"Pamba."

"Watu wanapona. Si kila mche unakufa."

"Pamba, nyamaza unisikilize. Mama anarudi sasa hivi." Akanishika mkono, wake una joto la homa. "Nataka nikuoe leo. Hapahapa. Mtu wa kufungisha ndoa anaweza kuja wodini, nimeshamuuliza muuguzi, amesema wameshafanya hivyo kwa wengine."

"Mama yako je?"

"Nitamwambia. Safari hii atakubali."

"Habari ya foili umemwambia?"

Akageuza uso upande wa dirisha. "Nimemwambia niliizungusha mwenyewe kwenye chupa ya maji."

"Umemdanganya mama yako!"

"Akijua ni wewe hutapita hata geti la hospitali. Sina siku za kupoteza kwenye ugomvi wenu."

"Kwa hiyo niolewe juu ya uongo?"

"Uolewe na mimi. Uongo ni wangu, nitaondoka nao." Akanibana mkono. "Nikifumba macho ya mwisho uwe umekaa hapa, si umesimama pale mlangoni kama mdai. Ni hilo tu ninalotaka. Ni kubwa sana?"

Nikalia. Nimesema mimi si mtu wa kulialia, lakini pale nililia mpaka shuka ikalowa. Yeye akawa ananipapasa kichwa na kuniambia polepole, basi, Pamba, basi, utanimalizia maji ya dripu.

Mchana daktari akaja na majibu. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akamwita mama mtu kwenye korido, na mimi nikiwa kwenye benchi nikasikia yote.

"Mama, chembe za damu zinashuka haraka. Figo nazo zimeanza kulegea. Tunamhamishia chumba cha wagonjwa mahututi jioni hii."

"Mahututi vipi, na kanywa chai? Kikombe kizima!"

"Ninajua, mama."

"Basi umechanganya makaratasi. Rudi ukatazame, hiyo ni damu ya mtu mwingine."

"Ni ya kwake. Kama kuna mtu anayetaka kumwona, aje leo au kesho. Pole sana, mama."

Daktari akaondoka. Mama akabaki ameshika birika la chai kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi. Alikuwa mwanamke mnene, wa sauti, mtu wa kutembea katikati ya njia wengine wampishe, na pale niliona anapungua. Akaingia wodini. Wakaongea na mwanawe muda mrefu, mlango umefungwa. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwenye benchi langu, akakaa. Nilijiandaa kutukanwa.

"Amesema anataka kukuoa leo," akasema.

"Ameniambia."

"Nimekataa mara tatu. Leo sina nguvu ya kukataa." Akaweka birika sakafuni. Kisha, jamani, akanichukua mkono, huu wangu uliochubuka kwa glavu, akauweka mapajani kwake. "Nilisema maneno mabaya kule kitaluni. Nilikuwa namwonea wivu mwanangu. Ni mmoja tu wa kiume. Sasa ukishakuwa mke wake, hata akiondoka, utakuwa mwanangu. Utakaa kwangu. Tutakuwa wawili wa kumkumbuka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Niite hivyohivyo."

Nilifikiri, limepita. Namshukuru Mungu, limepita.

"Kuna kitu kimoja tu kinanikereketa," akasema, bado ameshika mkono wangu. "Huyu mtoto tangu mdogo mikono yake mizito. Hata kamba ya kiatu akifunga haikai. Mizigo yote nyumbani namfungia mimi. Na ile chupa yake ya maji nimeiona, foili imekunjwa shingoni kwa ustadi, utadhani zawadi. Anasema alifunga mwenyewe." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niambie kweli ni yeye. Ukiniambia ni yeye nitaamini, sitauliza tena maisha yangu yote."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ndiyo. Silabi mbili, basi, na mlango wa wodi ulikuwa hatua kumi kutoka tulipokaa. Na yeye mle ndani alikuwa ananisubiri. Nikafungua mdomo nilitamke, nikauona mkono wangu mapajani mwa yule mama, na nikajiona nimekaa naye mezani miaka na miaka, ananiita mwanangu, ananipakulia chakula, na mimi nakula.

"Ni mimi," nikasema. "Niliifunga mimi, mama."

Hakupiga kelele. Alianza kuutoa mkono wangu mapajani kwake, kidole kimoja kimoja, hadi ukabaki peke yake kwenye benchi.

"Kwa nini?"

"Ili maji yake yasipate moto."

"Ili maji yasipate moto," akarudia. Akainuka. "Ondoka."

"Mama, naomba nimwone tu, ananisubiri..."

"Ondoka kabla sijamwita askari. Ndoa hakuna. Mke hakuna. Na ukikanyaga pale mlangoni tena nitasahau kama mimi ni mwanamke mwenzio."

Jioni wakamhamisha. Nilikiona kitanda kinapita kwa mbali, magurudumu yake yanalia, na mkono wake mmoja umening'inia pembeni. Waliruhusiwa kuingia watu wawili tu, mama na dada yake. Mimi nikahamia nje, kwenye kiti cha saruji mkabala na dirisha la dawa, na hapo ndipo nilipokaa siku ya tatu, na ya nne. Nilikwenda nyumbani kulala tu, alfajiri nikarudi.

Dada yake, binti mfanyakazi wa benki, asiyejua hata kunichukia vizuri, alikuwa anatoka kunipa habari.

"Nywele zimeanza kutoka," aliniambia siku ya nne. "Zinabaki kwenye mto."

"Anaongea?"

"Anaongea, ila anachanganya. Anauliza uko wapi. Mama anamwambia umekwenda kitaluni kumwagilia miche, utarudi."

"Anaamini?"

"Jana alicheka. Akasema, miche gani hiyo inamwagiliwa siku mbili." Akajifuta pua. Halafu hasira zikampanda ghafla, akanisimamia mbele. "Hivi wewe wifi, mtu mzima, kunyamaza hujui? Kilikuuma nini? Kaka alishajitwika yote! Ilikuwa ni kusema ndiyo tu, saa hii ungekuwa ndani umemshika. Umesema ukweli, roho yako ikapoa, na anayelipa ni yeye!"

"Roho yangu haijapoa."

"Basi umesema wa nini?"

Alikuwa na haki yote, na mpaka leo nikilala naisikia sauti yake inaniuliza. Ningeweza kumwambia kwamba nilishindwa kumdanganya mama aliyenishika mkono. Lakini aliyekuwa amelala kwenye kile kitanda na nywele zake zimebaki juu ya mto hakuwa mama yule, alikuwa ni mpenzi wangu, na ombi lake lilikuwa moja, nami nililikataa. Dada mtu akaingia ndani bila kuniaga.

Siku ya tano, saa tisa alasiri, nikamwona mama mwenyewe anatoka. Alitembea ukutani ukutani. Nikasimama. Nilijua ameleta msiba.

"Bado," akasema, kama aliyenisoma. "Yupo."

Akasimama mbele yangu, hakukaa.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na sitakusamehe. Usije ukafikiri nimekuja kwa hilo."

"Sifikiri hivyo, mama."

"Usiniite mama." Akajifuta uso kwa kiganja. "Siku tatu nimemshika mkono. Nimemwambia mimi hapa, mama yako. Daktari anasema ni usiku huu au kesho asubuhi. Na yeye tangu jana anaita Pamba. Pamba, Pamba, hachoki. Nikimwitikia mimi ananyamaza, anasikiliza, anajua si wewe, anaanza upya. Mimi niliyemzaa haniiti hata mara moja." Akavuta pumzi. "Twende ukamwitikie. Siwezi tena kumsikia anaita hajibiwi."

Nikamfuata. Korido ilikuwa ndefu, inanuka dawa ya kusafishia sakafu. Mlangoni walinivisha joho la kijani na kifuniko cha mdomo. Dada yake alipoona naingia akatoka kunipisha, na akanigusa bega.

Sikumtambua. Kichwa kilikuwa kimebaki na vishungi viwili vya nywele, midomo imepasuka, na mwili mzima una madoa ya damu chini ya ngozi. Mashine ya oksijeni ilikuwa inavuma kwa sauti. Macho yalikuwa yamefumbwa. Nikataka kurudi nyuma, lakini mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Pamba," akaita. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini ilikuwa yake.

Neno lililokuwa linanijia lilikuwa ni la ndoa iliyokatazwa, na aliyeikataza alikuwa anasikia. Nikainama hadi sikioni mwa mgonjwa wangu, nikaushika ule mkono.

"Abee, mume wangu."

Vidole vyake vikakaza. Havikukaza sana, lakini vilikaza, na uso ukamlegea kama mtu aliyetua mzigo. Hakuita tena. Nikabaki nimeinama vilevile, nasubiri mama aseme, anivute nguo, anitoe nje mbele ya mwanawe. Nikasikia anahangaika na kitu nyuma yangu. Chumba kile kilikuwa na kiti kimoja tu, alichokalia yeye siku zote tatu. Alikuwa anakisukuma. Akakileta mpaka kikagusa nyuma ya magoti yangu.

"Kaa," akasema, na yeye akaenda kusimama ukutani.